Makufuli ya Mgongoni

Alhamisi moja ya mwaka 1956, baada ya swala ya alasiri, Mzee Alamin aliingia nyumbani kwa Darweshi, mtaa wa Bondeni, Nakuru. Akavua viatu mlangoni, akaomba maji ya moto na wembe mpya. Alikuja kumuumika Hadiya, binti wa miaka kumi na mitano, ambaye kwa miezi minane alikuwa hali akashiba wala halali akapumzika, na akiulizwa ana nini, anasema kifua kimejaa.

Miezi minane ndiyo aliyokuwa ametawishwa. Alipovunja ungo, baba yake, Darweshi, alimtoa shule akamweka ndani angojee mchumba, kama alivyowekwa mama yake, Mboni, kule Lamu. Ua wa nyumba ulikuwa na anga kiasi cha mkeka. Hadiya, aliyekuwa wa kwanza darasani kwa hesabu, sasa alihesabu mabati ya paa, na mabati hayaongezeki.

Mzee Alamin alifungua kitabu cha babu yake, kilichonakiliwa kwa matabibu wa Baghdadi, nao walisoma kwa Wayunani. Akasema ni sauda, nyongo nyeusi, na huwapata sana vijana. Dawa yake ni mambo matatu: kuumikwa kwa pembe, kulishwa asali, na kutoka kila siku na wenzake wa rika moja, watembee kando ya maji, wacheke.

"Hayo mawili tutafanya," Darweshi akasema.

"Ni matatu, Darweshi."

"La tatu ni la watoto wa wenzetu."

Mzee hakubishana, nyumba haikuwa yake. Akachanja mgongo, akabandika pembe, akafyonza, akaziba kwa nta. Alipoibandua, damu haikutoka. Lilitoka kufuli jeusi la chuma, na ufunguo wake. Akalifuta kwa pamba, akaliweka kwenye sinia, akachukua pembe nyingine. Siku hiyo yalitoka matatu, na Mboni aliyapaka mafuta yasishike kutu.

Hadiya alilala fofofo, na kesho yake akala chapati mbili. Darweshi alimshukuru Mungu. Na kwa kuwa kitu kizima hakitupwi, kufuli la kwanza alilitia kwenye mlango wa ua. La pili akalitia dirishani, upande wa barabara, maana Milcah, binti wa fundi wa reli, rafiki wa Hadiya wa dawati moja, alizoea kusimama pale akitoka shule na kumsomea maswali ya hesabu. La tatu likaenda kwenye mlango wa chumba cha mgonjwa mwenyewe. Jumatatu kifua kikajaa tena.

Basi ikawa kila Alhamisi. Makufuli yalizidi ukubwa, na majirani, hasa wenye mabinti, wakaja kuomba. Zilikuwa siku za Hali ya Hatari, kila mtu alitaka kufunga kitu. Kutoka Elburgon mwenye kiwanda cha mbao alituma salamu na kikapu cha viazi. Kufa kufaana, na kuugua vilevile. Inauma kusema, lakini katika wote waliokuja hakuna aliyeuliza chuma kinaotaje ndani ya mtoto.

Alhamisi ya saba Hadiya alimshika baba yake kanzu.

"Baba, nipeleke ziwani mara moja tu. Hata ukinishika mkono."

Darweshi alimpenda bintiye, na machozi yalimlengalenga.

"Ukipona utatoka, mwanangu," akamwambia. "Mgonjwa hatolewi nje."

Alhamisi ya nane pembe ilitoa ufunguo mtupu, bila kufuli. Mboni aliujaribu kwenye mlango wa chumba, ukafungua. Akaujaribu dirishani, ukafungua. Akaenda hadi mlango wa ua, na upepo wa ziwani ukaingia na harufu yake ya magadi. Hadiya, bado kalala kifudifudi, akanyoosha mkono.

Mboni aliufuta ule ufunguo kwa kanga yake.

"Mimi pia ulinitoka kama huu," akasema, "nikiwa na miaka kumi na sita. Nilimpa baba."

Akaufunga mlango wa ua, akampa mumewe ufunguo. Darweshi akautia kwenye kishada cha funguo nyingine, na Mzee Alamin akauliza kama maji bado yana moto.