Oili ya Kwanza ya Mkonge

Haya niliambiwa na Katunge mwenyewe, mwezi wa nane mwaka wa elfu mbili na nne, tukipukuchua mbaazi mlangoni kwangu. Mambo yenyewe yalikuwa ya Oktoba iliyotangulia, lakini kwa jinsi alivyokuwa akizibana zile mbaazi, ungedhani yametokea asubuhi hiyo hiyo.

Katunge ni mjane wa Ndunda, huku upande wa Katangi. Ndunda alimwachia shamba lenye mawe, binti mmoja anayeitwa Nzisa, na trekta kuukuu aliyoinunua kwa mzungu wa shamba la mkonge. Ndiyo maana watu waliiita Mkonge. Zamani ilikuwa nyekundu. Ndunda alipougua miguu, Katunge ndiye aliyepanda kitini na leso yake kiunoni, na wanaume wa sokoni wakamcheka mpaka walipoona mistari yake imenyooka. Baadaye ni hao hao waliokuja kumbembeleza awalimie.

Halafu Mkonge ikafa. Mvua ikaja, ikanyesha, ikaenda zake, Katunge akihangaika na jembe la mkono. Alichovuna kilikwisha hata mbaazi hazijakauka. Basi akauza fahali wake, dume pekee lililokuwa zizini, akamwita fundi Bartholomew kutoka Wamunyu.

Bartholomew ni mtoto wa wachonga vinyago, ila yeye mkono wake uliangukia kwenye chuma. Aliifungua injini yote. Akaweka silivu mpya, ile mirija ambamo pistoni hupanda na kushuka, pistoni mpya, na ringi mpya za kuzivika. Alipomaliza kufunga hakuiwasha, maana alikuwa ameletewa habari ya msiba kwao. Akapangusa mikono akasema:

"Mama Nzisa, sikiza. Huyu ni mpya ndani. Ringi na silivu hazijajuana, lazima zisuguane mpaka zikubaliane. Kwa hivyo tia oili ya kawaida, ile namba thelathini ya matrekta ya zamani. Usitie hizi za magari ya kisasa, zinateleza sana. Na ukiwasha, usiiache inanguruma tu hapa nyumbani. Funga jembe, ingia shamba siku hiyo hiyo, iumie kidogo."

"Ikiteleza kuna ubaya gani?"

"Kinyago unakipiga msasa kwanza, ama unakipaka rangi ya viatu kwanza?"

"Msasa."

"Ukianza na rangi, msasa utashika wapi? Ringi zikikosa kushika sasa, silivu itang'aa kama kioo, na Mkonge itakunywa oili na kufuka moshi mpaka tuifungue tena."

Katunge akatazama zizi. Hakukuwa na fahali wa pili. Na mawingu yalikuwa yameanza kukaa juu ya Yatta.

Jumamosi asubuhi akashuka Katangi, kwa duka la Waris, yule mama Msomali anayeuza mafuta ya taa, chumvi ya ng'ombe na oili. Waris akamwekea mezani kopo linalometameta.

"Mama Nzisa, hiyo unataka hakuna mtu ananunua siku hizi. Chukua hii, unaona iko na picha ya gari ya mashindano."

"Mimi naenda kushindana na nani, Waris? Na punda?"

Waris akacheka mpaka mtandio ukamdondoka. Akaenda nyuma ya magunia ya chumvi, akarudi na debe lenye vumbi, namba thelathini. Katunge akalitia kwenye kiondo, akaweka mkanda kwenye paji la uso, akaanza kupanda.

Alipofika mgongo wa kilima akaisikia Mkonge. Moyo uliruka kwa furaha, kisha ukatua vibaya. Nani ameiwasha? Na kwa oili gani? Sauti haikuwa ya trekta iliyo kazini. Ilikuwa inanguruma taratibu, kama paka aliyeshiba. Katunge akateremka akikimbia na debe likimpiga mgongoni.

Uani alimkuta Nzisa amembeba Tracy, mtoto wake mchanga. Na juu ya Mkonge, na shati jeupe la kutokea, alikaa Musyoka, mume wa Nzisa, anayefanya kazi kiwandani Athi River. Walikuwa wamesikia habari za injini mpya, wakafika asubuhi bila kusema kama wanakuja.

Hapa lazima niseme jambo, kwa wasiotujua. Kwetu mama mkwe na mume wa binti yake wana nthoni, yaani ile haya ya kuheshimiana. Hawasogeleani, hawali chakula pamoja, na mama hamtaji mkwe wake kwa jina; anayeivunja hutoa mbuzi. Vijana wa mjini wameilegeza, lakini Katunge alikuwa bado ameishika kwa mikono miwili. Kwa hiyo alishusha leso mpaka kwenye nyusi, akasimama nyuma ya tangi la maji, akageuza uso kwenye ukuta wa ghala.

"Nzisa!"

"Mama! Tumekushtua, eeh?"

"Nimeshtuka. Mmetia oili gani?"

"Ile ya maana, mama! Baba Tracy ameinunua Nairobi. Ni ya magari ya wakubwa. Ona kopo, dhahabu tupu."

"Imewashwa tangu saa ngapi?"

"Tangu chai ya asubuhi."

Jua lilikuwa utosini. 

Musyoka akapaza sauti juu ya ule mngurumo. "Nzisa, mwambie mama asiwe na wasiwasi! Mkonge ametoka kujifungua. Mzazi hapelekwi shamba. Tunampumzisha wiki mbili, ananguruma pole pole na mafuta mazuri. Kwani ulipozaa Tracy, si mama alikulaza mwezi mzima na supu ya mbuzi?"

Hilo lilimuuma zaidi, maana ni kweli. Supu ile aliipika yeye.

"Nzisa, mwambie aliyekaa hapo kwamba wewe uko na damu. Ile ni chuma."

"Baba Tracy, mama anasema..."

"Nimesikia."

"Mwambie azime."

"Mwambie mama oili kama hii haijawahi kuingia Katangi."

Sasa Katunge afanye nini? Kumfokea mkwe hawezi. Kumtazama hawezi. Akaifokea trekta, uso ukiwa bado ukutani.

"Mkonge! Wewe Mkonge! Nani alikukalia wakati wanaume walinicheka? Nani alikuosha tope? Leo unapakwa mafuta kama bibi harusi, na wewe umetulia! Jiwe la kusagia likipakwa mafuta litasaga nini? Umekula fahali wangu, sasa unataka kula nini? Unile mimi?"

Musyoka akapigapiga boneti kwa kiganja. "Mkonge, mwambie mama wewe si jiwe. Wewe ni injini." Akacheka.

Ni kicheko kile. Katunge alikijua. Ni kile kile cha sokoni, miaka ile, cha mtu anayemwonea huruma mwanamke kwa kitu ambacho mwanamke mwenyewe anakijua kumshinda.

Akatua kiondo chini. Akatoka nyuma ya tangi. Nzisa alipoona anakoelekea alianza kutikisa kichwa, lakini mama yake alikwisha kufika. Katunge akapitisha mkono kando ya goti la mkwe wake, akavuta kile kishikio cha kuzimia injini.

Mkonge ikanyamaza. Uani kote alisikika kuku mmoja tu akiparua.

"Mama! Nthoni!" Nzisa akashika mdomo.

"Musyoka," Katunge akasema.

Alimtaja jina. Uso kwa uso, mchana, mbele ya binti yake. Kijana alishtuka kama aliyepigwa kofi.

"Shuka kwa trekta yangu."

"Mama, mimi nilileta kitu kizuri..."

"Kitu kizuri unamwuliza mwenyewe kwanza. Mlikuja hamkunikuta. Kulikuwa na viti, kulikuwa na chai, mngeningoja. Lakini nyinyi mnajua! Mimi ambaye nikiwa jikoni naisikia ikiumwa, mnanitumia habari kupitia kwa mtoto, eti nisiwe na wasiwasi. Oili yako si mbaya. Kawatilie hao wakubwa wako. Hii ina ringi mpya, na mimi sina fahali mwingine. Umesikia? Sina! Shuka."

Akashuka.

Katunge akatandika gunia, akajilaza chini ya injini na spana, akafungua bolti ya sampu, lile bakuli la chini linalokaa oili. Oili ikamwagika kwenye karai, moto, bado ina rangi ya asali. Karai lilikuwa juu ya jiwe, likaanza kuinama. Kabla hajalifikia, mikono miwili ikalishika ikalisimamisha. Ilikuwa mikono ya shati jeupe. Wakalishikilia, kila mmoja akitazama kwingine, mpaka tone la mwisho.

Akatia namba thelathini ya Waris. Akafunga jembe, akawasha, akaingia shamba na jua lile lile.

Udongo ulikuwa mkavu kama tofali. Mkonge iliguna, ikatoa moshi wa samawati, mwingi, na Katunge akautazama kwa pembe ya jicho huku akiomba na kutukana kwa pumzi moja. Je, wamekwisha kuiharibu? Tangu chai ya asubuhi! Alilima akiwa amemkasirikia Musyoka, akamkasirikia Nzisa, akamkasirikia Bartholomew kwa kwenda msibani, na alipofika kona ya mwisho alikuwa amemkasirikia Ndunda kwa kufa. Akigeuza anaongeza mafuta, injini inalia, jembe linang'oa mabonge makubwa kama viti.

Moshi ulianza kupungua kivuli cha ghala kilipogusa mstari wa kwanza. Ulikuwa mwembamba kwanza, halafu ukawa kama pumzi ya mtu asubuhi ya baridi, halafu ukawa wa kutafutwa. Na sauti ikabadilika, ikawa nzito na ya kujiamini, ile aliyoizoea.

Musyoka alikuwa ukingoni mwa shamba, shati lake sasa la kutupwa. Alikuwa amefuata mistari jioni nzima akiangalia bomba.

"Nzisa!" akaita. "Mwambie mama moshi umepungua!"

"Mwambie nimeuona," Katunge akajibu kutoka kitini. "Mimi si kipofu. Na mwambie mbuzi wa nthoni ni yule beberu mweusi. Nimevunja mimi, nitatoa mimi. Lakini si leo. Leo sitaki hata kumwona."

"Mwambie sawa," akasema Musyoka.

Walikula mapema, kila mtu mahali pake. Tracy akalala, Nzisa akalala naye, na Musyoka, ambaye alikuwa ameshinda juani, akakoroma kabla giza halijakolea vizuri.

Katunge akaenda kwa Mkonge. Akavuta kijiti cha kupimia oili, akakisogeza kwenye mwanga uliobaki. Oili haikuwa imeshuka. Akakifuta kwa leso, akapima tena kwa sababu hakuamini, na haikuwa imeshuka. Ile oili ya Nairobi akaichuja kwa kitambaa, akairudisha kwenye kopo lake la dhahabu, akafunga kifuniko kwa nguvu zote, akaliweka mlangoni mwa wageni, mahali ambapo mtu akitoka lazima ajikwae.

Kisha akaingia ndani. Alijaribu kusema sala ya kusamehe, akafika katikati, akaona hawezi, akamwambia Mungu watamalizia kesho shamba la chini likikwisha. Akajitupa kitandani na harufu yake ya dizeli, akalala na viatu miguuni.