Kuku wa Caiyun

Sikio langu la kushoto lilikufa mwezi wa kumi, na tangu siku hiyo dunia haikai mahali pake. Daktari wa mjini, kijana mwenye ndevu tatu, alinieleza kwamba ndani ya sikio mna vijifereji vya maji, navyo ndivyo vinavyokiambia kichwa juu ni wapi na chini ni wapi. Vyangu vya upande huo vimeharibika.

"Umebaki na macho, nyayo na sikio moja, mzee. Tembea polepole. Na mwanzi usahau."

Nisahau mwanzi! Hapa mto Chishui tunavuka kwa kusimama juu ya mwanzi mmoja, mnene kama paja, na mwembamba mwingine mkononi wa kupigia maji. Tulikuwa na mashua ya kijiji, wakubwa wakaiondoa siku waliyokuja kupigwa picha za daraja. Daraja lenyewe hadi leo ni nguzo moja, ndege wanainyea. Mke wangu Caiyun alifia ng'ambo, kwa dada yake, akingojea gari la wagonjwa ambalo nalo lilikuwa likingojea daraja. Kaburi lake liko hukohuko. Njia ya mlimani imemomonyoka, hakuna aliyeigusa. Na Siku ya Makaburi kaburi lisipofagiliwa, watu husema aliyelala pale hana mtu.

Caiyun ana mtu.

Nikalaza mwanzi uani, nikaanza kujifunza upya kusimama juu yake. Nilianguka kushoto, nikaanguka kushoto tena. Jirani yangu Tan akaja kuegemea ukuta.

"Kaka Yuan, hiyo ni pombe ya leo au bado ya jana?"

"Ningekuwa nimelewa ningesimama, mjinga wewe. Nishikie huyo kuku, ananipita miguuni."

Alikuwa kuku wa Caiyun, wa mwisho. Tan akamwinua, akamwinamisha huku, akamwinamisha kule, kwa mchezo tu. Mwili ulikwenda, kichwa hakikwenda. Kilibaki pale hewani kama kimepigiliwa msumari.

"Rudia," nikamwambia.

Akarudia. Nikamtazama kuku yule mpaka Tan akachoka mikono.

Kesho yake nilivua viatu, nikakaza macho kwenye kitasa cha mlango, nikakataa kugeuza kichwa hata nzi alipotua puani pangu. Miguu ikafanya kazi yake. Baridi yote nilifanya hivyo, uani kwanza, kisha kwenye maji ya magotini. Shingo ikigeuka tu, naanguka. Isipogeuka, nasimama.

Siku ya Makaburi nilijifunga mgongoni fagio, karatasi za kuwachomea wafu na chupa ya pombe ya mtama. Nikakaza macho kwenye jiwe la kaburi ng'ambo, nikasukuma.

Nimefika katikati, nikasikia kipaza sauti nyuma yangu. Katibu wa kijiji, Qiu.

"Mzee Yuan! Rudi! Kuvuka kwa mwanzi ni marufuku! Ukizama nitaandika nini kwenye ripoti?"

Miaka kumi na mitatu mtu huyu hajawahi kusema neno nisimjibu. Shingo ikaanza kugeuka yenyewe. Mto ukainuka kama ukuta, mwanzi ukayumba, maji yakapanda mpaka kwenye vifundo.

"Kuku!" Tan alipiga kelele ukingoni. "Kaka, kuku!"

Nikarudisha macho kwenye jiwe. Nikachuchumaa kidogo. Nyayo zikautafuta mwanzi, zikaupata.

"Ona sasa!" kipaza sauti kikasema. "Hata marehemu mkeo angekuambia uache ukaidi!"

Amemtaja yeye. Yeye! Meno yaliniuma kwa jinsi nilivyoyakaza. Jibu nilikuwa nalo, tamu, refu, na mama yake yumo. Sikugeuka. Nilipiga maji kulia, nikapiga kushoto, jiwe likawa kubwa, likawa na herufi, mpaka mwanzi ukagota kwenye tope.

Nilipanda mteremko kwa magoti na mikono. Kaburini nilifagia, nikang'oa majani, nikammiminia pombe, nikawasha karatasi. Kisha nikakaa, mgongo wangu kwenye jiwe lake, nikakishika kichwa kwa mikono miwili, nikageukia mto polepole. Qiu alikuwa bado pale.

Nikamjibu. Nilimjibu kuhusu mashua, kuhusu nguzo, kuhusu gari la wagonjwa, mpaka karatasi zikaisha kuungua na Tan ng'ambo akaketi chini kwa kucheka.

Kisha nikafunga mdomo, nikatafuta kitu cha kukazia macho upande wa pili. Ilibaki safari ya kurudi.