Kikombe Kisichochemshwa

Uliona. Usiniambie hukuona. Siku ile ulipokwenda kumtazama shemeji yako hospitalini, ulipita mlango wa wodi ya watoto njiti, ukamwona mwanamke ameinamia sinki anakamua maziwa yake na maji yanayachukua. Ukageuza uso ukajiambia ni adabu. Haikuwa adabu. Ungeuliza kwa nini anamwaga, ungejibiwa.

Edinah Nakhungu aliuliza.

Ilikuwa siku yake ya pili kwenye benchi la wodi hiyo, mjini Bungoma. Binti yake Joy alikuwa jengo la pili, hajitambui, kifafa cha mimba kimemwangusha. Mjukuu, msichana wa kilo moja na robo, alilala kwenye sanduku la kioo bila hata jina. Walikuwa wakimpa maziwa ya kopo kwa mpira mwembamba, na tumbo lilikuwa limeanza kuvimba.

"Tumbo likiambukizwa, kukhu," Sista Chepkorir alimwambia bila kumficha, akimwita bibi kwa Kibukusu, "hawa wadogo hawangoji."

Basi alipomwona Kadija, jirani yake wa benchi, yuko pale sinki, aliinuka. Kadija alikuwa mke wa fundi cherehani wa karibu na msikiti, na mwanawe Alwi alikuwa sanduku la pili.

"Mama Alwi, mbona unamwaga?"

"Mtoto anakunywa vijiko viwili, mimi natoa kikombe. Nitaweka wapi? Friji yao si hiyo?" Kadija alionyesha kwa kidevu. Friji ilikuwa imejaa mafaili. Ilikufa mvua za mwaka juzi, mtu akaona rafu zake zinafaa.

"Nipe mimi."

Kadija alimpima kwa macho. "Nitakupa. Lakini kwetu mtoto akinyonya maziwa yangu ni mwanangu. Huyu na Alwi wamekuwa ndugu. Miaka ishirini ijayo tusikuje kuposa kwako."

"Mtoto hajafungua macho, bana, na wewe ushamnyima bwana."

Wakacheka, mara ya kwanza siku hiyo.

Edinah akachukua kikombe, akaenda nacho jikoni mwa wodi, akamimina kwenye sufuria. Kwake maziwa mabichi hayaingii kinywani mwa mtu, tangu kaka yake Festus alale mwaka mzima kwa homa iliyotokana nayo. Hakufikiri, mkono wake ndio uliofikiri. Maziwa yakachemka, yakavaa utando mweupe, na alipouona ule utando akaiepua sufuria upesi.

Weupe kama ule aliwahi kuuona. Miaka thelathini nyuma alikuwa akiosha vioo katika maabara ya mifugo kule Kitale. Hakuna anayemfundisha mwosha vioo, lakini Daktari Gathii alipenda kuongea, na Edinah alikuwa na masikio. Siku moja alimwonyesha kisahani kilichooteshwa bakteria mpaka kikawa cha manjano kote. Gathii alikuwa amedondosha humo ute wa yai bichi na chozi lake mwenyewe alilolitoa kwa kitunguu, na kila tone lilikuwa limeacha doa safi kama dirisha.

"Bakteria ana ukuta," alisema, "kama nyumba ya fito. Kwenye ute na chozi kuna kimeng'enya, kinaitwa lisozaimu. Kinakata kamba za fito. Ukuta unalegea, maji yanajaa ndani, nyumba inapasuka."

"Na hapa?" Edinah aliuliza. Pembeni palikuwa na kipande cha ute uliochemshwa, na manjano yote yalikuwa yamesimama imara.

"Hapo moto ulifika kwanza."

"Maziwa ya mama yanacho?"

"Tele. Ya ng'ombe ni kidogo sana."

Maabara ile ilifungwa baadaye, vioo vikabebwa, kiwanja kikazungushiwa seng'enge. Edinah bado anawakumbuka waliopiga makofi kwenye mkutano ulioamua ifungwe, mmoja mmoja, na viti walivyokalia.

Alirudi wodini na sufuria mkononi. "Nimeyaharibu," alimwambia Kadija. "Nimeyapika mimi mwenyewe."

Kadija hakumlaumu. Alijifunika mtandio, akaanza kukamua upya.

Sista Chepkorir ndiye aliyesimama mlangoni. "Mabichi, kukhu? Ya mtu mwingine? Kukiwa na ugonjwa humo nitasema nini?"

"Hapo uko sawa," Edinah alisema. "Usichukue kwa mdomo wangu. Angalia kitabu chake cha kliniki."

Kadija alikitoa kwenye mkoba. Damu ilikuwa imepimwa wiki hiyo hiyo, safi. Sista akakisoma mara mbili, akampigia daktari, akasikiliza kwa muda mrefu. Akakata simu, akaleta karatasi ya idhini. Edinah akatia sahihi, na chini yake akaandika kwa herufi kubwa: ALWI NI KAKA YAKE.

"Hiyo haina nafasi kwenye fomu," Sista alisema.

"Ndiyo maana nimeandika pembeni."

Maziwa yakapita kwenye mpira tone kwa tone, yakiwa bado na joto la Kadija. Siku ya tatu tumbo lilikuwa laini. Siku ya sita Joy akafungua macho, na jioni matone ya maziwa yake mwenyewe yakaanza.

Asubuhi ya siku ya saba Kadija na Alwi waliruhusiwa kwenda nyumbani. Aliacha kikombe kimoja, kimefunikwa, cha mtoto wa sanduku la tatu, ambaye mama yake alikuwa amepelekwa hospitali nyingine na sahihi yake ilingojwa kutoka Kimilili. Edinah alikaa nacho kwenye benchi. Akakihamisha kivulini, kisha dirishani penye upepo. Karatasi ilifika adhuhuri. Sista alifunua, akanusa, akatikisa kichwa.

Edinah akaenda sinki. Alipokuwa akimwaga, mtu alipita mlangoni, akatazama, akageuza uso.

Mtoto wa sanduku la tatu bado yuko pale, na tumbo lake linapimwa kila saa. Kwa hiyo funga karatasi hii uinuke. Nenda hospitali ya kwenu leo, si wiki ijayo, uingie wodi ile uulize friji iko wapi. Ukiikuta ina mafaili, yatoe kwa mikono yako uyaweke mezani kwa mkubwa wao, na usiondoke mpaka isikike ikinguruma.