Kitufe Kilichotafutwa kwa Muuza Samaki

Ofisini kwetu Sfax, anayeharibu programu huvaa shashia. Ni kofia nyekundu ya sufu, ya marehemu babu yake Ghaith, na haivui mpaka kosa liishe. Asubuhi hiyo, siku tatu kabla ya Idi, ilikuwa kichwani mwangu, imenishuka hadi kwenye nyusi.

"Imekukaa, Yosra," Ghaith alisema akipita. "Idi hii usisumbuke kununua nguo, umeshapendeza."

Sikumjibu. Majibu yangu mimi hunijia nikiwa nimeshafika nyumbani.

Saa sita Lella Zohra angekuja kuona programu ya simu ya duka lake la halwa. Alitaka kitu kimoja tu: mteja abonyeze kitufe cha "Agiza", agizo lifike kwenye simu ya dukani. Mkubwa wetu, Bi Emna, alinipa kazi hiyo niimalize na niionyeshe mwenyewe, kwa mara ya kwanza. Kitufe kisipofanya kazi, Ghaith angemwonyesha michoro tu ya programu badala yangu, nami ningerudi kuchagua rangi za vitufe vya wenzangu.

Ilikuwa saa tano na robo, na programu haikukubali hata kuwaka. Kila palipoandikwa jina la kitufe changu, kompyuta ilipiga mstari mwekundu, kana kwamba sikuwahi kukichora.

"Labda kimefunga," Ghaith alisema. "Hakina nguvu mpaka magharibi."

"Kaka Ghaith, niache nisome."

"Soma, mwalimu. Shashia haina haraka."

Nikasoma, lakini safari hii nilianzia juu kabisa, kwenye mistari ambayo sote huiruka, ile inayoiambia programu vifaa vyake ikavichukue wapi. Mstari wa tatu ulinifanya nishike mdomo. Ulikuwa unaleta orodha ya vitufe kutoka programu nyingine, ya muuza samaki wa bandarini, tuliyomtengenezea mwaka juzi.

Faili lile sikuliandika kuanzia mwanzo. Kwetu hakuna anayeanza mwanzo. Tunanakili faili la zamani la Ghaith, tunabadilisha ya katikati. Ya katikati niliyabadilisha vizuri sana. Ya juu sikuyagusa. Kwa hiyo kitufe cha Lella Zohra kilikuwa kinatafutwa kwa muuza samaki, kati ya dagaa na ngisi.

Nikaufuta mstari ule. Kwa furaha nikafuta na wa chini yake. Wekundu ukahamia kwingine: sasa kompyuta haikujua kubonyezwa ni nini.

"Huyo uliyemfukuza ndiye anayesikiliza kidole," Ghaith alisema nyuma ya bega langu. "Mrudishe, maskini."

Nikamrudisha. Kisha nikaweka mstari mpya, unaoleta orodha yetu wenyewe. Wekundu wote ukaisha, programu ikawaka.

"Faili ni lako, kaka," nikasema. "Shashia tungeigawana."

Bi Emna akageuza kiti chake.

"Yosra kajibu! Andikeni tarehe."

Mlango ukagongwa. Lella Zohra aliingia na mkoba wake mkubwa, nami nikasimama kabla sijapata muda wa kuogopa.

"Bonyeza hapa, mama."

Alibonyeza kwa kidole kinene chenye hina. Simu ya pili, pale mezani, ikalia: kaak, zile biskuti za mviringo, kilo moja. Akabonyeza tena. Ikalia tena. Alipofika kilo saba alikuwa anacheka peke yake.

"Nani atazila zote hizi?" Kisha akanitazama usoni. "Ila wewe, binti yangu, hujui kuivaa. Marehemu mume wangu aliilaza upande kidogo."

Akanyoosha mikono, akaniwekea shashia sawa. Nilikuwa nimeisahau kabisa.

"Kosa limeisha, ivue," Ghaith alininong'oneza, masikio yakiwa mekundu kuliko kofia.

"Iache," Lella Zohra akasema. "Nimeshaizoea. Haya, nieleze na hivi vitufe vingine."

Nikaendelea kueleza. Kwa pembe ya jicho nilimwona Ghaith amefungua faili lake la zamani, akiandika juu kabisa kwa herufi kubwa: ENYI MNAONAKILI, ANZIENI HAPA.