Miaka Minane ya Kuzuia

Ndugu yangu Eddy amecheza futiboli ya Kimarekani kwa mshahara miaka minane, na kwa miaka hiyo yote nimeulizwa swali moja mpaka nimechoka: amefunga magoli mangapi?

Hajafunga. Eddy ni mlinzi. Anacheza mstari wa mbele, pale wanapopangwa wanaume wa kilo mia na thelathini, na kazi yake ni kuivuruga timu yenye mpira. Aliondoka hapa Pinetown, Afrika Kusini, ana miaka kumi na tisa, amepata ufadhili wa chuo huko Marekani ili acheze basketi. Kocha wa futiboli akayaona yale mabega, akambadilisha mchezo. Mama yetu, Odette, alipoambiwa alisema tu, "Bora asome."

Alisoma, kisha akaajiriwa, na hapo ndipo taabu yetu ilipoanza. Timu ya kwanza ilimsajili mwezi wa tano. Mama akatoa shukrani kanisani, akapikia watu themanini wali na isombe, yale majani ya muhogo. Mwisho wa mwezi wa nane timu ikapunguza wachezaji, Eddy akaachwa. Wiki mbili baadaye timu nyingine ikamchukua kwenye kikosi cha mazoezi, yaani wale wanaogongwa juma zima halafu siku ya mechi wanakaa nje. Shukrani tena, isombe tena. Novemba akaachwa. Ikaja ya tatu, ya nne, ya tano. Aliwahi kututumia fulana ya timu. Ilipofika Pinetown, mwenyewe alikuwa ameshahamia mji mwingine.

"Annick," Mama aliniuliza siku hiyo, "hii ni kazi ama ni kutembelea watu?"

Katika miaka yote minane alicheza mechi thelathini na moja. Mpira aliushika mara moja, ulipomponyoka mtu, akaulalia.

Mwaka huu alikuja mwanzoni mwa Septemba, wakati ligi yao ndiyo inaanza. Nilielewa papo hapo. Nilimpokea uwanja wa ndege, na tuliposimama kwenye robot ya kwanza, taa ikiwa nyekundu, nikamuuliza, "Wamekuacha tena?"

"Jumanne. Usimwambie Mama."

"Eish, Eddy! Niseme uongo kwa ajili yako?"

"Siku tatu tu. Nitamwambia mwenyewe."

Hakumwambia. Na Mchungaji Jeancy, Mkongomani mwenye moyo mzuri na haraka nyingi, alikuwa ameshapata habari kwamba Eddy yupo. Jumapili asubuhi tukakuta bango mlangoni mwa kanisa: KARIBU BINGWA WETU WA RAGBI. Hata picha haikuwa ya Eddy. Ni mtu mwingine kabisa mwenye helmeti, wamemtoa kwenye intaneti. Nilitamani nigeuze gari.

Eddy akaitwa mbele atoe ushuhuda. Akaishika maikrofoni, akainamisha kichwa.

"Si ragbi," akasema. "Na mimi si bingwa. Juma lililopita wameniachisha kazi. Ni mara ya saba."

Nikamtazama Mama, usoni mwake sikusoma kitu. Mchungaji akajifuta jasho kwa taulo yake ndogo, akahangaika kuiokoa ibada.

"Bwana asifiwe! Lakini ndugu yetu, kwa hii miaka yote, ulifunga goal ngapi?"

Mama akasimama. Ameuza vitenge Isipingo miaka ishirini karibu na stendi ya taxi, na sauti yake imezoea kushindana na honi.

"Goal, goal, goal! Kila siku goal!" Alikuwa ameshafika mbele. "Mashemasi watatu, mukuje hapa. Mujipange. Mchungaji, simama nyuma yao na hiyo taulo yako. Hiyo taulo ni mupira. Eddy, simama mbele yao. Sasa wote muangalie! Mchungaji anataka kurusha mupira. Hawa watatu kazi yao ni mutoto wangu asimufikie. Eddy, sukuma."

"Mama, tafadhali..."

"Sukuma polepole, ni watu wa Mungu."

Eddy akamwekea shemasi wa katikati mikono kifuani. Shemasi akaanza kurudi nyuma, viatu vikiteleza kwenye vigae, na yule wa kulia akakimbia kumsaidia.

"Munaona?" Mama akafoka. "Wawili wamemushika yeye mumoja! Sasa pale kulia iko wazi. Mwenzake anapita hapo, anamuangusha Mchungaji, na watu wanaimba jina la mwenzake. Ya Eddy, hapana. Lakini nani alifungua njia? Hiyo ndiyo kazi yake. Musimuulize tena goal!"

Mchungaji akaikunja taulo yake taratibu. Kwaya ikaanza kuimba bila kuambiwa.

Nyumbani nikamuuliza Mama mambo hayo kajifunza wapi. Miaka yote nilikuwa namweleza mchezo huo kama mtoto wa chekechea, naye anaitikia.

"Niko na simu," akanijibu kwa hasira. "Wateja wakipungua naangalia mechi zake. Ulizani naangalia nini?"

Alhamisi timu moja ya Kanada ikapiga simu: mkataba wa majaribio, wiki tatu. Visa ya huko Eddy alikuwa nayo tangu msimu wa nyuma. Mama alikuwa anachambua maharage. Akaisukuma sinia pembeni.

"Visa iko na miaka mbili, mkataba iko na wiki tatu! Wewe unaona hiyo ni sawa?"

"Ni nafasi, Mama."

"Miaka munane unaniambia ni nafasi."

Akaenda. Siku ya tisa daktari wao akatazama picha za goti lake la kushoto, akakataa kutia sahihi kwamba anafaa kucheza.

Tulikwenda kumpokea mimi na Mama. Alitoka akichechemea, akajibana kiti cha nyuma na miguu yake mirefu.

"Kuna ligi ndogo Marekani wamenipigia," Eddy akasema tulipokaribia Pinetown.

Mama akageuka mzima mzima. "Na wewe umewajibu nini?"

"Nimewaambia nimechoka."

"Asante, Yesu," Mama akasema. "Mimi nilichoka mwaka wa tatu." Kisha akanigeukia mimi na kuniambia nipitie sokoni, nyumbani nyanya zimeisha.