Maji ya Kiko Kimoja

Agatha aliongoza sauti ya kwanza katika kwaya ya usharika pale Myamba, na hakuna aliyebisha kwamba Mungu alimjalia koo. Ila Mungu huyohuyo alimjalia pia akili ya chini kwa chini, na hiyo haikuwahi kuhudhuria mazoezi ya kwaya. Jumamosi hiyo alfajiri alipanda kuelekea kwenye ndiva, jembe begani, tumbaku imefungwa kwenye pindo la kanga, akitabasamu peke yake njiani. Mtu anayemfahamu vizuri angerudi nyumbani kuhakikisha kuku wake wamefungiwa.

Lakini tusimwonee. Shamba lake la tangawizi lilikuwa linakufa. Majani yalikuwa yamejikunja na kugeuka manjano, na udongo ukipigwa jembe unatoa vumbi. Tangawizi hiyo ndiyo iliyokuwa inamsomesha binti yake Irine chuo cha unesi, na mwanamke aliyefiwa na mume hana shamba la akiba. Zamu iliyopita ndiva ilikauka kabla maji hayajamfikia, akaambulia tope la kulowesha nyayo. Na chanzo cha yote hayo kilikuwa kiko.

Ndiva ni bwawa la wazee, limejengwa kwa mawe na udongo begani mwa mlima. Usiku linajaa, asubuhi linazibuliwa, maji yanateremka kwa mfereji shamba kwa shamba. Kwenye ndiva hii zamu hupimwa kwa kiko. Mlinzi anazibua, anawasha kiko kilichojaa tumbaku, na kiko kikiisha, zamu imeisha. Babu zao walifanya hivyo na wajukuu hawajaona sababu ya kuacha. Mwenyekiti wa kitongoji aliwahi kuleta hoja ya kutumia simu. Kila mtu akaja na simu yake, kila simu ikampendelea mwenyewe, nusura watu watoane macho. Wakarudi kwenye kiko. "Simu ina mwenyewe," walisema. "Kiko hakina ndugu."

Shida ilianza pale mlinzi wa zamani, mzee Elibariki, alipofariki na kiko kikaangukia mikononi mwa mzee Aminieli. Huyu ni mzee wa kanisa ambaye hajavuta kitu tangu azaliwe, na kijiji kilimchagua kwa sababu hiyohiyo: asiyependa tumbaku hanunuliki kwa tumbaku. Kwenye mkutano hoja hiyo ilipigiwa makofi. Kwenye ndiva ikawa balaa. Tumbaku aliyoiacha marehemu ilikuwa ile nyeusi ya kienyeji, ukali wake wa kufukuza nyuki. Aminieli alivuta mara moja, akakohoa mpaka machozi, akakiweka kiko juu ya jiwe, akasali, akakiwasha upya, akakohoa tena. Zamu ya Anderson, jirani anayemtangulia Agatha kwenye mfereji, ikala asubuhi nzima. Maharage ya Anderson yalikunywa mpaka yakacheua.

Basi Agatha akakaa na kufikiri, na Mungu akamletea mkwe. Lugano, mume wa binti yake mkubwa, dada wa Irine, ni mtu wa Urambo aliyefuata kazi ya mkonge kule tambarare. Kwao wanalima tumbaku ya mvuke, ile iitwayo Virginia, inayokaushwa kwa joto la bani, banda la kukaushia, mpaka inakuwa ya njano kama ndizi mbivu na kunukia nyasi kavu na asali. Lugano anaivuta hivyohivyo, tupu, bila kuichanganya na kitu. Mbele ya mama mkwe hawezi kuvuta, adabu anayo. Lakini kuieleza si kuivuta, na mama mkwe ndiye aliyeuliza.

"Mama, hii ina sukari nyingi," alimwambia. "Anayeanza anadhani ni laini, basi anaivuta kwa pupa. Ikishika moto mkali inamng'ata ulimi, na inaisha kabla hajakaa vizuri. Hii inaonjwa. Usiishindilie sana. Unawasha, unaiacha ifife kidogo, unawasha tena, halafu unaonja tu, kama chai ya moto. Hapo itakaa na wewe mpaka usahau ulikuja kufanya nini."

Mkwe alizungumza tumbaku. Agatha alisikia maji. Ukiivuta kwa pupa, zamu fupi. Ukiionja, zamu ndefu. Akaomba kifurushi kimoja, akasema ni cha mgonjwa.

Sasa alimkuta mzee Aminieli amekaa kando ya ndiva, kiko kiko mkononi, anakitazama kwa huzuni. Chini kidogo, ndani ya maharage yake, Anderson alikuwa tayari na jembe, anasubiri maji.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mama Irine. Mbona umewahi? Si anaanza Baba Rodgers?" Baba Rodgers ndiye huyo Anderson.

"Nimekuonea huruma, mzee wangu. Ile tumbaku ya marehemu itakuua. Nimekuletea hii, inuse."

Mzee akanusa. Uso ukamfunguka. "Hee! Hii inanukia kama mzinga wa asali."

"Tamu hiyo, haina ukali hata chembe. Ila ina tabia moja," Agatha akainama na kushusha sauti. "Haitaki kubembelezwa. Vuta kwa nguvu, mzee, usiipumzishe!"

Kwa zamu yake mwenyewe alikuwa amekwisha kuandaa somo lingine. Angemwambia: sasa umekomaa, sasa unaweza kuonja taratibu. Kila kitu kilikuwa kimepangwa, na alipenda sana mpango wake.

Mzee Aminieli akazibua ndiva, akasali sala fupi, akawasha. Mara ya kwanza alitabasamu. Mara ya pili alifumba macho kwa utamu. Kisha akakumbuka maagizo, akavuta kwa nguvu bila kuipumzisha, mpaka moshi ukamfunika kichwa na kiko kikawa hakishikiki kwa joto. Alikuwa mtiifu mno, maskini. Maji hayajafika katikati ya maharage, kiko kikabaki majivu.

"Mzee!" Anderson alipaza sauti kutoka chini. "Hata nusu ya shamba haijalowa!"

Mzee Aminieli akaziba ndiva, akasimama, akakipindua kiko mbele ya macho ya wote ili majivu yaonekane. Sheria ni sheria. Anderson akatupa jembe chini na kuanza kupanda mlima kwa hasira.

Agatha alifurahi, na hakuona haya kufurahi. Maji yalikuwa tele kwenye ndiva. Akajaza kiko kwa mikono yake mwenyewe, bila kushindilia, kama alivyofundishwa. "Haya, mzee, sasa kuna namna ya pili ya kuvuta..."

Mzee Aminieli akafungua kinywa kujibu na neno halikutoka. Akatoa ulimi. Ulikuwa umevimba, mwekundu, umechubuka pembeni. Akatikisa kichwa, akasukuma kiko mbali naye.

"Kidogo tu, mzee wangu. Hii ya sasa haiumi."

Akatikisa kichwa tena, kwa nguvu zaidi. Maji yale pale, tangawizi ile pale, na katikati yake ulimi wa mzee wa kanisa alioubabua mwenyewe. Ujanja wa nyani huishia jangwani, na jangwa lenyewe lilikuwa shamba lake.

"Mila inathema," mzee alijikakamua, akiongea kama mwenye ugali wa moto mdomoni, "mlindhi akishindwa, kiko anashika aliyekwisha kunywa."

Aliyekwisha kunywa alikuwa ndiyo kwanza anafika, miguu imejaa tope, jasho linamtiririka. Anderson naye hakuwahi kuvuta. Akapewa kiko, na mzee Aminieli, kwa wema wake wote, akamgusa bega kumwelekeza. Kwa mikono na kwa maneno yaliyovimba akamwambia: haitaki kubembelezwa, vuta kwa nguvu, usiipumzishe.

"Hapana!" Agatha aliruka.

Anderson akageuka. "Hapana?"

"Mzee... mzee alikosea kidogo. Hii inaonjwa, Baba Rodgers. Washa, iache ifife, washa tena. Halafu onja kama chai ya moto. Polepole."

Anderson akamtazama Agatha. Akautazama ulimi wa mzee. Akayatazama majivu ya zamu yake pale juu ya jiwe. Alikuwa mtu wa maneno machache, na watu wa namna hiyo huwa wana nafasi kubwa ya kufikiri.

"Nifundishe vizuri, jirani," alisema kwa upole. "Nisije nikaharibu."

Akafundishwa, akaelewa upesi ajabu. Mzee akazibua, na Agatha akakimbia mteremko mzima na jembe lake kuyapokea maji. Yalipoingia kwenye tuta la kwanza alilia kabisa, machozi ya kweli. Udongo ulikuwa unakunywa kwa sauti. Aliyaongoza tuta kwa tuta, akiimba, na shamba lote likalowa kama alivyoliota.

Kisha likaendelea kulowa.

Agatha akaacha kuimba. Maji yalikuwa yamejaa kwenye mitaro, yanapanda kwenye mashina. Tangawizi hupenda maji yapite. Yakilala juu yake, mzizi unaoza chini kwa chini, nawe siku ya kuvuna unang'oa kitu kinachonuka. Shamba lake ndilo la mwisho mfereji unakoishia, hakuna jirani wa kumsukumia. Angeweza kuyafungulia njiani, lakini anayemwaga maji ya ndiva njiani hutozwa faini ya kuulisha msaragambo mzima, na msaragambo ni kijiji chote kilichotoka kufanya kazi kwa pamoja, na njaa yake yote.

"Baba Rodgers!" alipiga kelele. "Imetosha!"

Juu kabisa, moshi mwembamba ulipanda angani bila wasiwasi. "Haraka haraka haina baraka, Mama Irine!"

Alipanda mlima kwa mwendo ambao hakuwa nao tangu ujana. Alimkuta Anderson ameegemea jiwe, miguu ameinyoosha, kiko anakionja kama mgeni wa heshima anayeonja mchuzi. Kingali nusu.

"Imetosha, jirani! Tangawizi inaoza!"

"Kiko hakijaisha," alisema Anderson. "Tamu kweli hii. Asante kwa kunifundisha."

Agatha akamgeukia mzee Aminieli, na mzee akatikisa kichwa. Sheria ni sheria. Huko chini maji yalikuwa yanameta kati ya majani, na Agatha aliona ada ya Irine inaelea humo.

"Basi vuta kwa nguvu!" alipiga ukelele. "Vuta kwa nguvu, usiipumzishe!"

Mzee Aminieli akainua kichwa taratibu. Maneno hayo aliyajua, maana alikuwa amebeba alama zake mdomoni. Akamtazama Agatha kwa muda, kisha akamtazama Anderson, na Anderson hakuonekana kushangaa hata kidogo.

"Kumbe," alisema mzee. Neno hilo lilitoka bila kuvimba.

Agatha hakuwa na pa kuutia uso wake. Anderson akainuka, akapangusa mdomo wa kiko kwa shati, akakinyoosha kwake kwa mikono miwili, kama mtu anayekabidhi zawadi. "Maji ni yako, jirani. Kimalize mwenyewe."

Macho yote mawili ya Agatha yakaenda kwa mzee. Mzee akafikiri. "Ladhima kiishe," aliamua. "Nani anakimalidha, mila haikuthema."

Agatha akakitia kiko mdomoni. Kwanza alisikia utamu, nyasi kavu na asali, kama alivyomwahidi mzee. Halafu akavuta kwa nguvu, hakuipumzisha, akakohoa, akavuta, machozi yakamtoka, ulimi ukawaka kama aliyelamba jiko, akavuta tena kwa ajili ya Irine na kila shina lililokuwa limesimama majini. Kiko kikaisha. Yeye mwenyewe alikipindua majivu yaonekane, na mzee akaziba.

Tangawizi ilipona. Jioni ile maji yalikuwa yamekwisha kunywewa, na asubuhi majani yalianza kukunjuka. Lakini ilikuwa Jumapili, na kwaya ilipoinuka, sauti ya kwanza ilisimama mstarini kinywa kimefumbwa, uso umeinama kama wa mtoto aliyeiba sukari. Kwenye kiti cha wazee, Aminieli alitazama kitabu chake cha nyimbo kwa bidii isiyo ya kawaida, mabega yakimtetemeka.

Ibada ilipokwisha, Anderson alimsubiri nje mlangoni.

"Mama Irine, mzee ameamua kiko asikishike tena. Kuanzia sasa aliyetangulia anamvutia anayefuata. Zamu ijayo unaanza wewe, halafu maji yanakuja kwangu." Akashusha sauti. "Sasa mimi nauliza tu. Utanivutiaje?"

Agatha alikuwa na jibu, tena la kuchekesha, lakini ulimi ulikuwa bado haujapona. Akamtazama jirani yake, akanyanyua mkono kama aliyeshika kikombe cha chai ya moto, akaonja hewa, polepole.