Vilele Viwili vya Ndoo ya Buluu

Mwalimu wetu wa madarasa ya jioni ni rika la kitindamimba wangu. Alitugawia vipande vya ndoo ya buluu iliyopasuka, akasema tupime inavyoyeyuka. Asiyeweza kueleza mchoro wa vipimo vyake angerudia mwaka. Nina miaka hamsini na mitatu. Mwaka kwangu si kitu kidogo.

Mwenzangu mezani alikuwa fundi bomba. Kwanza tulibana ukanda wa ndoo kwenye mashine inayoupinda na kuunyoosha huku ikiupasha joto. Ukaanza kulegea kwenye nyuzi joto themanini, mapema kabla ya kuyeyuka. Kisha tukatia chembe, ndogo kama punje ya mchele, kwenye tanuri la kupimia. Plastiki ikiyeyuka hunywa joto, na kompyuta huchora kilele. Wenzetu wote walipata kimoja.

Sisi tulipata viwili, kidogo na kikubwa.

"Dada, futa hicho kidogo," fundi alisema. "Kimezamia karamu ya watu."

"Hakikuja chenyewe."

"Kimeletwa na nani?"

Nilijua. Muda wa sala ulipofika, tanuri lilikuwa kwenye nyuzi mia na ishirini. Fundi alikuwa amekwenda kunywa chai. Nilibonyeza joto lisipande, kama ninavyopunguza moto chini ya sufuria, nikaenda kusali kwenye ngazi za nyuma. Niliporudi nikabonyeza tena. Sikudhani plastiki ingehesabu.

Muda wa kurudia haukuwepo. Nikaandika kando ya mchoro: "Joto lilisimamishwa nyuzi 120, dakika ishirini na mbili, mpimaji akisali."

Fundi akasoma. "Umetuchimbia kaburi, dada, na jembe ni letu."

Mwalimu alisoma akiwa amesimama. "Mama, ishirini na mbili kweli, au unakadiria?"

"Nilitazama saa nikitoka na nikirudi. Nilikuwa na wengi wa kuwaombea."

"Na plastiki wakati huo ilikuwa ikifanya nini?"

Nilimwomba Mungu kimoyomoyo, kisha nikajibu polepole. "Sehemu zisizojipanga zilishalegea tangu nyuzi themanini. Zilizojipanga, yaani fuwele, zilibaki. Kwenye mia na ishirini, zile dhaifu ziliyeyuka, zikapata nafasi ya kujipanga upya, nene kidogo. Hizo ndizo kilele kidogo. Imara ndizo kikubwa."

Akatia alama ya kufaulu. Kisha akamgeukia fundi.

"Nawe ulikuwa wapi?"

"Kwenye chai, mwalimu."

"Iandike nayo."